Adenosini kwa moyo unaokimbia: bomba moja au mawili?

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura. Mgonjwa wa SVT (moyo kukimbia ghafla kwa hitilafu ya umeme inayoanzia sehemu ya juu ya moyo) tumezoea kumpa adenosini kwa mabomba mawili ya sindano kwenye koki ya njia tatu: dawa kwanza, kisha mililita 20 za maji ya chumvi. Mwenzetu mpya anachanganya vyote ndani ya bomba moja na kusukuma kwa mkupuo. Je, dawa haipungui nguvu?

Jibu: Haipungui. Adui wa adenosini ni muda, wala si maji. Ikishaingia kwenye damu, seli nyekundu na kuta za mishipa huifyonza, na nusu yake hupotea ndani ya sekunde zisizofika 10. Ikizubaa mkononi, haifiki moyoni.

Hapo ndipo koki inapotuangusha. Nimewahi kusimama pembeni ya kitanda dawa ikasukumwa vizuri, halafu maji yakagoma kwa sababu koki ilielekezwa kusiko. Mpaka ilipogeuzwa, sekunde zilishakwenda, na monita ikabaki kwenye mapigo 190 kwa dakika vilevile. Wakati mwingine upande wa dawa hubaki wazi bila kushikiliwa, maji yakairudisha dawa ndani ya bomba lake.

Kwa bomba moja, miligramu 6 ni mililita 2 za dawa (ile ya miligramu 3 kwa mililita). Ongeza 18 za maji ya chumvi, sukuma zote kwa kasi. Dozi ya pili ya miligramu 12 ni mililita 4 na maji 16. Tafiti zilizolinganisha njia hizi ni ndogo, lakini hazijaonyesha bomba moja likizidiwa. Mimi ningelichagua, hasa zamu ikiwa na watu wachache. Timu iliyozoea koki barabara haina haja ya kuiacha.

Ninachokusihi zaidi ni mshipa. Kanula (mrija wa mshipani) nene, kwenye kiwiko, si mgongoni mwa kiganja. Ukimaliza kusukuma, inua mkono juu. Kanula nyembamba itaharibu njia zote mbili.

Kabla ya dawa, mgonjwa asiyezidiwa mjaribishe kujikamua (kukaza pumzi kama anayesukuma choo) kwa sekunde 15, kisha mlaze chali na kumwinua miguu; karibu wanne kati ya kumi hupona hapo. Mwenye pumu inayombana usimpe adenosini, wala mwenye mapigo yanayoonekana mapana na yasiyo na mpangilio kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Mashine ya kushtua moyo iwe karibu. Na mwambie mapema kwamba kifua kitabana na atahisi kama anakata roho, ila itapita baada ya sekunde chache. Asiyeambiwa hilo huogopa sana, na dozi ya pili anaikataa.

Karatasi ya ECG ianze kutembea kabla hujasukuma. Hata moyo usipoacha kukimbia, mapigo yakipungua kidogo tu unaweza kuona mawimbi ya msumeno ya fluta ya atria (vyumba vya juu vya moyo kupiga kasi mno) yaliyokuwa yamejificha, na hapo matibabu yanabadilika kabisa.