Nywele Hushika Zinapokauka: Kujibana Mwenyewe kwa Ajili ya Sherehe

Ujumbe ulioingia Jumapili asubuhi ulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ya saa 11 jioni: nywele za kipilipili zimebanwa nyuma kwa jeli, zimelala, zinang'aa, na fundo la rasta, yaani nywele bandia, limekaa kisogoni. Ya pili ya saa 3 usiku, ukumbini kwenye send-off ya dada yake: mbele pamevimba, fundo limeinama upande mmoja, unga mweupe umemwagika kutoka kando ya masikio hadi mabegani mwa gauni. Chini yake ameandika: “Dada, hatua zote nilifuata, na jeli niliweka nyingi. Nimekosea wapi?”

Mdogo wangu, umekosea kwenye saa. Umesema uliosha Jumamosi saa 4 asubuhi, ukapaka jeli saa 7 nywele zikiwa bado na maji, saa 10 ukavaa. Hapo hata fundi mwenye miaka 20 kazini asingekuokoa.

Unywele ukilowa, vifungo vidogo vinavyoshikilia umbo lake hulegea. Ukikauka vinafungamana upya, na umbo ambalo unywele uko nalo saa hiyo ndilo utakalokaa nalo mpaka maji yarudi. Ndiyo maana nywele zilizokaukia ndani ya uzi hutoka zimenyooka, zilizokaukia kwenye misokoto hutoka na mawimbi, na zilizoachwa zikauke zenyewe hurudi kwenye vipilipili vyake, mara nyingi zikabaki nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Wewe ulifunika maji kwa jeli. Juu pakakauka, ndani hapakukauka. Joto la kichwa na la ukumbi lilipoanza kuzikausha zile za ndani, zikajikunja, zikasukuma gamba la jeli lililokuwa juu yake, gamba likapasuka. Ule unga ni vipande vya gamba lenyewe, na kadiri jeli ilivyokuwa nyingi ndivyo unga ulivyozidi.

Kwa hiyo sherehe ya Jumamosi jioni inaanzia kichwani Alhamisi.

Alhamisi, kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye nywele kavu. Kwa nywele zinazofika mabegani zikivutwa, vijiko 2 vya chakula vinatosha. Kaa nayo nusu saa. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta mengi mengine hukaa juu tu. Kisha gawanya kichwa sehemu 4, osha kila sehemu kwa shampuu mara 2, vidole vikifanya kazi kwenye ngozi. Mara 2 kwa sababu jeli haishiki juu ya mafuta. Paka kondishena ya kutosha hadi vidole viteleze, ndipo uchane kwa chanuo lenye meno mapana ukianzia kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea kwenye shina. Anayeanza kuchana kwenye shina anazisukuma tata zote ziende chini zikawe fundo moja, halafu anashangaa nywele zinakatika. Yai na parachichi ziache jikoni. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva humo humo kichwani. Parachichi huacha vipande ambavyo utakuwa unaviokota hadi Jumamosi.

Sasa uzi, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Wengi wanauona uzi ni wa watoto na wa bibi, wanakimbilia pasi. Lakini uzi unanyoosha kipilipili bila moto hata kidogo, na ukifungwa vizuri nywele hutoka ndefu na laini kwa kugusa, tayari kulala popote utakapozilaza.

Subiri nywele zikauke kama robo tatu. Zikiwa zinachuruzika, uzi utazifungia maji ndani na utalala nazo hadi Ijumaa usiku bila faida. Paka mafuta kidogo sana kwenye ncha. Gawanya mafungu 12 hadi 16. Wenye nywele nzito wafike 20. Kata uzi mweusi wa kusukia, mrefu wa kutosha kulizunguka fungu lote hadi kwenye ncha. Zungusha mara 3 zikiwa zimeshikana pale kwenye shina, kisha teremka kuelekea kwenye ncha, ukiacha nafasi ya upana wa punje ya mchele kati ya mzunguko na mzunguko, mkono wa pili ukiwa umeshika ncha na kuivuta. Ukibakiza sentimita 1, rudi nyuma mizunguko michache, funga. Ile mizunguko ya kwanza ishike bila kuinyanyua ngozi. Ukiona ngozi imechomoza kama kipele kuzunguka shina, legeza hapo hapo.

Usifungue kwa kubahatisha. Ijumaa jioni bana katikati ya fungu moja la kisogoni kwa vidole viwili. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Dar es Salaam na pwani nzima hewa ina unyevu mwingi, na kwa nywele nzito usiku mmoja mara nyingi hautoshi. Ndiyo sababu nimesema Alhamisi na si Ijumaa. Mwenye drayer aitumie kwa joto la kati juu ya nyuzi hizo hizo kwa dakika 20, siyo zaidi. Pasi ya nywele usiitumie kabisa kwenye nywele zenye unyevu: maji yaliyo ndani ya unywele huchemka na kuutoboa, na unywele uliotoboka hukatikia pale pale.

Alhamisi hiyo hiyo loweka rasta kwenye beseni la maji na nusu kikombe cha siki, suuza, tundika zikauke. Wengi wanaowashwa na rasta hupata nafuu kwa hatua hii. Ukiichelewesha hadi Jumamosi utakuwa umerudisha maji kichwani kwa mlango mwingine.

Jeli nayo ijaribiwe mapema. Weka nyuma ya kiganja nusu kijiko cha chai cha jeli na kiasi hicho hicho cha losheni ya nywele unayotaka kutanguliza, sugua. Ikiwa laini, endelea. Ikiganda vipunje vyeupe, hizo mbili haziendani, na utakachokiona mkononi ndicho kitakachoonekana kwenye picha za ukumbini. Soma na kopo: glisarini ikitajwa mwanzoni kabisa, ujue huvuta unyevu wa hewani, na wakati wa masika jeli hiyo italegea na kunata. Wanaopenda ya bamia wachemshe bamia 8 kubwa zilizokatwa katika vikombe 2 vya maji kwa moto mdogo dakika 15, wachuje ingali moto kwa stokingi safi, waiweke kwenye friji na waimalize ndani ya siku 4. Inalainisha vizuri sana. Kwa kushika usiku mzima wa kucheza, hapana. Itumie kwa misokoto ya siku za kawaida.

Jumamosi, kwa sherehe ya saa 12 jioni, anza saa 6 mchana. Fungua nyuzi na uchane kwa vidole, kisha kwa kitana. Usizibane nywele zote kwa mara moja. Tenga sehemu ya mbele, upana wa vidole 3 kutoka paji la uso, kutoka sikio hadi sikio. Bana kwanza zile za nyuma, halafu ndipo uzirudishe za mbele zijiunge nazo. Hivyo uzito wote unabebwa na nywele za katikati ambazo ni nene, na zile laini za kwenye paji zinalala tu bila kuvutwa. Badala ya mpira mwembamba, tumia kamba safi ya kiatu ya sentimita 90: zungusha mara 2, vuta ncha zote mbili polepole, utaisikia inakaza kadiri unavyotaka, kisha funga. Mpira unakaza kadiri unavyotaka wenyewe.

Jeli ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiimwaga juu ya nywele ulizozinyoosha kwa siku mbili, utazirudisha kwenye vipilipili. Kijiko 1 cha chakula kwa kila robo ya kichwa, juu juu tu, na brashi ifuate mkono huku mkono mwingine umeshikilia. Funga skafu ya satini dakika 30. Iondoe kwa kuinyanyua, usiiburute. Mbele ongeza tabaka jepesi kwa mswaki laini, funga tena dakika 20. Kisha usiguse. Kila unapopitisha kiganja kuhakikisha kama pamekauka unapasua gamba ulilolijenga.

Kwa fundo, pakiti kubwa ya rasta za X-Pression ina gramu 165. Nusu yake inatosha. Waliovaa pakiti 2 nzima utawajua kwa jinsi wanavyogeuza shingo. Kunja rasta katikati, ipachike kwenye shina la nywele ulizobana, ifunge, isokote kwa ulegevu, izungushe, ncha zifiche chini. Pini 6 hadi 8. Pini ina upande ulionyooka na upande wenye mawimbi. Ule wa mawimbi ndio unaokaa chini, kuelekea ngozini, kwa sababu ndio unaong'ang'ania. Iingie ikishika rasta pamoja na nywele zako, ncha ikielekea katikati ya fundo. Pini iliyoshika rasta peke yake haijashika kitu. Tikisa kichwa kwa nguvu mara tano ukiwa bado nyumbani. Atakayevaa ushungi juu yake ateremshe fundo hadi usawa wa ncha za masikio, kitambaa kilale.

Wanaofukiza nywele kwa udi, kama ilivyo desturi ya pwani, wafukize Ijumaa au kabla rasta haijawekwa. Nywele bandia husinyaa na kuyeyuka zikikaribia chetezo, na hazirekebishiki. Asumini ichumwe alasiri ikiwa bado imefumba, itungwe kwa uzi na sindano, ihifadhiwe ndani ya kitambaa kibichi, na izungushiwe fundo mwisho kabisa. Itafunguka kichwani usiku, harufu ikiwa mbichi. Kikuba cha asumini, waridi na mrehani nacho kibanwe kwenye fundo. Usikining'inize kwenye nywele za pembeni.

Sasa nalisema hili bila kupepesa. Kichwa kilichobanwa vizuri hakiumi. Kama huwezi kunyanyua nyusi, kama vimetokea vipele vidogo kwenye mstari wa paji, kama umemeza panadol ili uweze kukaa ukumbini, fungua. Mvuto wa namna hiyo ukirudiwa rudiwa huua mashina ya nywele. Mwanzoni zinarudi ukipumzisha. Baadaye ngozi inakuwa laini na hazirudi tena. Na watoto wa maua, jamani! Binti wa miaka 5 anavutwa hadi macho yanapanda, analia, anaambiwa avumilie uzuri. Hakuna uzuri pale. Ngozi yake ni laini kuliko yako na harusi ni ya muda wa saa sita tu. Msuke twende kilioni iliyolegea, mpachike ua, aende akacheze.

Nywele zisizofika sentimita 7 hazibaniki hivi, na wala usizilazimishe. Zisokote zikiwa zimelala kichwani Alhamisi usiku, misokoto 8 hadi 10 kuelekea nyuma, jeli kidogo kwenye kila mmoja, fungua Jumamosi kwa vidole vilivyopakwa mafuta. Ukifungua zikiwa na unyevu zitafumuka kabla hujafika getini. Wenye nywele za dawa waiweke dawa si chini ya wiki 2 kabla ya sherehe. Nywele zilizotoka kwenye dawa hazina nguvu ya kubeba fundo.

Kwenye mkoba weka pini 6, mswaki na skafu ndogo. Jasho likitoka, gandamiza kwa tishu bila kufuta. Jeli iache nyumbani, kwa kuwa jeli mbichi juu ya jeli kavu nayo huzaa ule unga.

Ukirudi, hata kama ni saa 9 usiku, toa pini na rasta kabla ya kulala, ulegeze na kamba. Aliyetumia mpira aukate kwa mkasi mdogo, asiuvute. Chanuo lisiguse nywele mpaka jeli ilainike: lowesha kwa maji ya vuguvugu, paka kondishena juu ya yale maji, subiri dakika 10, tenganisha kwa vidole. Ukichana jeli ikiwa kavu utaziona nywele zako kwenye sinki, na nyingi zitakuwa zile za mbele.