Metamateriali si malighafi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa mawasiliano hapa Dodoma. Katika muhtasari wa mradi wangu nimeandika: "Malighafi maalumu huongeza nguvu ya antena." Mwenzangu anasema niandike "metamateriali". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko sahihi, tena "malighafi" imekugeuzia maana juu chini.

Malighafi ni mali iliyo ghafi, bado haijapita kiwandani. Zabibu za Hombolo kabla hazijawa mvinyo ni malighafi. Ghafi hiyohiyo ndiyo tunayoisikia kwenye "pato ghafi", yaani kabla ya makato.

Kitu unachokitafiti wewe ni kazi ya mkono wa fundi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shaba ya kawaida huchongwa juu ya ubao wa saketi ikawa vipete vidogo vyenye mwanya, vimepangwa safu kwa safu. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa na Wi-Fi, wimbi moja lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na kipete huwa cha milimita chache tu. Kwa udogo huo, wimbi halikitambui kipete kimojakimoja. Hukutana na vyote kama maada moja, tena yenye tabia ambazo shaba peke yake haina, hata ile ya kupinda wimbi upande wa kinyume. Mwanafizikia wa Kisovieti, Victor Veselago, aliieleza kwa hesabu mwaka 1967, mwaka uleule BAKITA ilipoundwa. Majaribio ya maabara huko Marekani yaliithibitisha mwaka 2001.

Pita soko la Majengo utazame nyungo. Mwanzi uliochanwa ukisukwa kwa kubana, unapata ungo unaoshika unga. Mwanzi huohuo ukisukwa kwa kuachia, unapata chekeche, na unga unapita. Mwanzi haukubadilika, umebadilika msuko. Ndiyo maana napenda metamateriali ielezwe kuwa "maada ya msuko".

Hata hivyo, jina la kitaalamu libaki metamateriali, ili wahandisi wa kwingine wakuelewe. Lifafanue mara ya kwanza unapolitaja, kwa sababu "meta" ya Kiyunani ina maana ya kuvuka au kupita, ilhali sikio la Mswahili litasikia kumeta, likadhani ni kitu king'aacho. Sema metamateriali hii, metamateriali hizi, "mametamateriali" iache.

Sasa hiyo "nguvu", ambayo mwenzako hakuigusa, nami inaniuma zaidi. Antena haina betri ya kwake, itaongezaje nguvu? Fungua tochi, toa kile kibakuli kinachong'aa nyuma ya balbu: balbu ni ileile, mwanga umetawanyika. Kirudishe, unamulika hadi ng'ambo ya uwanja. Antena nayo hukusanya nishati na kuielekeza, na metamateriali huisaidia kazi hiyo, kwa mfano kwa kuzuia mawimbi yasitambae juu ya ubao na kupotelea pembeni. Andika hivi:

"Metamateriali, yaani maada iliyosanifiwa kwa msuko wa vipande vidogo kuliko urefu wa wimbi, huisaidia antena kuelekeza nishati upande unaotakiwa."

Na kama vipimo vyako vimeonyesha antena imekuwa ndogo, au wigo wa masafa yake umepanuka, yataje hayo kwa majina yake. Usiyafunike yote kwa "nguvu".