Maswali ya Wasomaji: 8-OH-DPAT na joto la panya

SWALI: Nawadunga panya 8-OH-DPAT ili kuamsha 5-HT1A, kipokezi (sehemu ya seli) cha serotonini, kemikali ya ujumbe ubongoni, kisha napima kushuka kwa joto la mwili. Wengine wanashuka, wengine hata kidogo, na wachache wanakula mfululizo. Kemikali imeharibika?
Mwanafunzi wa uzamili, famakolojia

JIBU: Anza na lebo ya chupa. Unga unaouzwa aghalabu ni chumvi ya hidrobromaidi, uzito wa molekuli 328.3, besi yake (dawa yenyewe bila asidi ya chumvi hiyo) ni 247.4. Ukihesabu dozi kwa besi halafu ukapima chumvi bila kurekebisha, panya anapata robo tatu tu ya dozi. Kila mg 1 ya besi inadai mg 1.33 za chumvi. Hakikisha pia ni 8, si 7: 7-OH-DPAT hupendelea kipokezi cha dopamini D3.

Hao wanaokula wanakupa dalili muhimu. Dozi ndogo, kama mg 0.06 hadi 0.25 kwa kilo, hunyamazisha neva za serotonini kwenye shina la ubongo, na panya aliyeshiba hurudi kwenye chakula. Dozi ikipanda, mwili hulala bapa, miguu ya mbele hukanyagakanyaga, mdomo wa chini hulegea, na kula hakuonekani tena. Ukiona yote mawili katika kundi moja, shuku dozi zisizolingana: pima uzito wa kila panya siku ileile ya sindano.

Kwa joto, tumia mg 0.5 kwa kilo chini ya ngozi, upime kabla ya sindano, kisha kila dakika 15 hadi saa moja. Kumshikashika panya kunampandisha joto na kuficha mshuko, kwa hiyo wazoeze kipimajoto siku kadhaa kabla, ukiingize kwa kina kilekile kila mara. Usirudie mnyama yuleyule kesho yake; mwitikio hufifia.

SWALI: Msimamizi anataka uthibitisho kwamba ni 5-HT1A kweli.

JIBU: Ana haki. Watafiti wa Sweden walipoitangaza kemikali hii mwaka 1981, kipokezi cha 5-HT7 kilikuwa bado hakijagunduliwa, nacho huiitikia na kugusa joto la mwili. Tanguliza WAY-100635, kizuizi cha 5-HT1A, mg 0.3 kwa kilo, dakika 30 kabla. Kundi jingine lipewe SB-269970, kizuizi cha 5-HT7. Usisahau kundi la WAY-100635 peke yake, maana nayo huamsha kipokezi cha dopamini D4.