Ukitaka kuhama mtandao, anza na laini ya pili

Wateja wangu wa vitambaa, wakishamaliza kuvutana bei, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Dada, hapa Tanga mtandao gani mzuri?" Sijawahi kuwajibu kwa jina la kampuni. Nami huwauliza: unalala wapi, unashinda wapi, na pesa zako zinatoka kwa nani? Mtu anayekaa ofisini Raskazone na mvuvi wa Mwambani hawawezi kupewa jibu moja, hata kama simu zao zimenunuliwa duka moja.

Mimi swali hili lilinifika kwa sababu ya duka. Niko Ngamiani, chumba cha ndani, ukuta mnene, bati juu. Barazani simu inashika vizuri. Ukiingia ndani kwenye majora, mteja wa Muheza anapiga anaambiwa hupatikani. Sisi tunaouza kwa picha za WhatsApp na kupeleka mzigo kwa basi la Kange, usipopatikana asubuhi, mteja huyo keshanunua kwa mwingine. Nilipiga huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime simu kisha niwashe. Nikazima, nikawasha, na mambo yakabaki vilevile.

Hapo ndipo watu wengi wanapokimbilia kuhama. Sheria inaruhusu: tangu Machi 2017 Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake. Unakwenda kwa wakala au duka la mtandao unaoutaka, na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na kidole chako, unatuma neno PORT kwenda 15080, unapewa laini mpya. Kazi yenyewe si ngumu. Ila ushauri wangu ni kwamba usiifanye hiyo kwanza. Nunua laini ya kawaida ya mtandao unaoutamani, isajili, iweke tundu la pili la simu, uzunguke nayo mpaka uijue tabia yake. Simu nyingi tunazotumia zinakubali laini mbili. Kama yako ni ya mkopo, uliza kwanza: simu za mkopo mara nyingi hufungwa, zikakataa laini ya mtandao mwingine.

Na unapoijaribu, usitazame vijiti vya mawimbi tu. Vijiti vinaweza kujaa na bado ukurasa usifunguke, kwa sababu mnara mmoja mnagawana mtaa mzima. Ijaribu jioni, kati ya saa moja na saa nne, watu wakiwa wamerudi nyumbani na kila mmoja anatazama video. Ingiza menyu ya pesa uone kama inakatika katikati. Piga simu ukiwa chumba cha nyuma kabisa. Mawimbi ya masafa ya chini hufika mbali na kupenya ukuta. Ya masafa ya juu hubeba data nyingi lakini ukuta huyachosha. Ndiyo maana mtandao unaosifiwa kwa kasi barabarani unaweza kukutupa ukiwa kitandani.

Kisha nenda nayo safari zako za kweli. Mkoa wetu una milima, na mlima hauna adabu kwa mnara. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kuna kona simu inashika na kona ya pili yake inakufa, na mitandao haifi mahali pamoja. Shangazi yangu yuko Pangani; laini niliyoipenda mjini ilikuwa inasinzia njiani kuanzia baada ya Tongoni. Wanaofanya biashara Horohoro wana shida yao nyingine: simu inaweza kurukia mnara wa Kenya, ukajikuta unatozwa bei za ugenini ukiwa bado Tanzania. Huko ingia kwenye mipangilio, zima utafutaji wa mtandao wa kujiendesha, chagua wako kwa mkono.

Bei za bando sizitaji hapa, kwa makusudi. Leo mtandao fulani una ofa ya chuo, kesho imeondolewa. Mtu akihama kwa ajili ya ofa, atakuwa mtu wa kuhama maisha yake yote. Hata ile hoja ya zamani ya "ndugu zangu wote wako mtandao ule" imepungua nguvu. Malipo ambayo kampuni zinalipana simu ikivuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine yalishushwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na siku hizi dakika za mitandao yote ni jambo la kawaida kwenye vifurushi.

Jambo la kulikalia chini ni pesa. Ukihama na namba yako, pesa iliyomo kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx au Halopesa haikufuati. Itoe yote kabla. Salio la vocha na bando navyo vinabaki nyuma. Kama umekopa kwenye simu, iwe Songesha au nyingine, lipa kwanza, maana mwenye deni hahami. Halafu kuna kitu ambacho mawakala wa mauzo hawakisemi: kiwango chako cha mkopo kilijengwa na miamala yako ya miaka kwenye mtandao ule. Kwenye mtandao mpya wewe ni mgeni, unaanza na vijisenti. Kwa mama anayeongeza mtaji wa asubuhi kwa mkopo wa simu, hilo ni kubwa kuliko vijiti vyote.

Ongeza Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo dukani uliyobandika ukutani, akaunti ya benki iliyounganishwa na namba, na kikoba ambacho mhazini wake amezoea kutuma kwa njia moja. Wateja nao wanahukumu kwa tarakimu za mwanzo. Wakiona 075 wanachagua M-Pesa bila kufikiri. Ukiwa umeihamishia kwingine, itabidi umweleze kila mmoja achague mtandao gani na asome jina kabla ya kuweka namba ya siri. Wateja wangu wa makamo hawana subira hiyo. (Wazee wetu wenye namba za zamani za 0713, 0754 na 0784 usiwaambie habari za kubadili namba kabisa. Celtel imekuwa Zain ikawa Airtel, Tigo imekuwa Yas mwaka 2024, wao wako na namba ileile na wanajivunia.)

Kwa hiyo namba ya duka sikuihamisha. Imebaki kwa pesa na kwa wateja waliokwisha kuizoea, na simu zake nimezielekeza zihamie laini mpya pale isipopatikana. Dakika za kuhamisha zinakatwa kwangu, nami nimeridhika nazo. Intaneti yote natumia laini mpya, na WhatsApp haikuhitaji kubadilishwa namba. Mdogo wangu wa bodaboda pale Sahare alihama moja kwa moja na namba yake, na alifanya sawa: hana deni, hana Lipa Namba, anachotaka ni simu isikatike akiwa na abiria anayemwelekeza njia. Ukiwa kama yeye, usipoteze muda na laini mbili.

Ukibaki na mbili, ya akiba itumie mara kwa mara, hata kwa kumpigia mtu salamu. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayeanza kupokea ujumbe wa benki yako. Piga pia *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifungishe kabla hujafikiria kuongeza nyingine.