Mvuvi, mchuuzi, mwenye mashua: ni mtu mmoja

Swali: Natengeneza mfumo wa kufuatilia omena, yaani dagaa wa ziwani, kutoka ufuo wa Dunga hapa Kisumu hadi sokoni. Ontolojia yangu, yaani mchoro wa aina za vitu na viungo vyake, ina aina nne: Mvuvi, Mchuuzi, MwenyeMashua na Omena. Kuna mama mmoja ana mashua mbili, anaanika omena na kuiuza mwenyewe, kwa hiyo nimemwandika mara tatu. Nifanyeje? Na omena ikishaanikwa, bado ni kitu kile kile kilichotoka ziwani?

Jibu: Mama huyo hana kosa, kosa liko kwenye mchoro wako. Umefanya kazi ya mtu kuwa aina ya mtu. Nami niliwahi kuingia mtego huo kwenye mfumo wa maziwa karibu na Nakuru: mkulima aliyekuwa pia akibeba maziwa ya majirani kwa bodaboda alikuwa na rekodi mbili, namba mbili za simu, na malipo ya mwezi mzima yakaenda kwenye laini aliyokwisha kuitupa. Alinitafuta mpaka nyumbani.

Weka tendo katikati. PROV-O, msamiati wa kueleza kitu kimetoka wapi na kimepitia kwa nani, uliopitishwa mwaka 2013 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, umejengwa juu ya aina tatu tu: Entity, Activity na Agent, yaani kitu, tendo na mtendaji. Usiku mmoja wa kuvua utaandikwa hivi:

Uvuvi-12: saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri
kilichotumika: Mashua-2, Taa-5
mtendaji: Mtu-07, dhima: nahodha
kilichopatikana: Fungu-88

Mama ni Mtu-03. Kwenye Uanikaji-9 anatokea kwa dhima ya mwanikaji, kwenye Uuzaji-31 kwa dhima ya muuzaji, na rekodi yake inabaki moja. Dhima hiyo usiibandike kwa mtu wala kwa tendo peke yake. Ipachike kwenye kiungo kati yao: tumia qualifiedAssociation (kiungo chenye maelezo yake), kisha hadRole (dhima aliyokuwa nayo) ndani yake. (Saa 2 usiku iingie kwenye mashine kama 20:00+03:00. Nimeona hifadhidata ambayo wavuvi wote walitoka ziwani kabla ya kuingia.)

Nahodha alitoka kwa niaba ya mwenye mashua, na hapa Kiswahili kinaweza kukuchanganya. Alimvulia mama, alivulia wavu, alivulia Dunga: kauli ya kutendea ni moja, mahusiano ni matatu. Mama anaingia kwa actedOnBehalfOf (kwa niaba ya), wavu kwa used (kilichotumika), Dunga kwa atLocation (mahali). Ila actedOnBehalfOf ikiachwa wazi inamfunga nahodha kwa mama siku zote, hata usiku anaoazima mashua ya mwingine. Tumia Delegation (uwakilishi), na ndani yake hadActivity (tendo lenyewe) itaje Uvuvi-12.

Sasa omena yenyewe. Hakuna atakayempa kila dagaa namba, kwa hiyo kitu chako ni fungu. Fungu bichi na fungu kavu ni vitu viwili: uzito umebadilika, bei imebadilika, na hata mnunuzi ni mwingine. Viunganishe kwa wasDerivedFrom (kimetokana na). Mishale mikuu ya PROV-O inatazama nyuma, kutoka kilichopo kwenda kilikotoka, na hilo linakufaa, maana mteja akilalamika unaanza na gunia, huanzi na mashua.

Utata uko pale chandaruani. Mafungu ya mashua tatu yakimwagwa kuanikwa pamoja, hakuna awezaye kuyatenganisha tena. Usijaribu. Gunia-40 liwe na wasDerivedFrom tatu: Fungu-86, Fungu-87, Fungu-88. Ukiulizwa kilo ngapi zilitoka mashua ipi, jibu la haki ni kwamba mfumo haujui, na ni afadhali hivyo kuliko kugawa kwa tatu ukajifanya umepima. Mwenye kutaka jibu hilo aanike mbalimbali.

Kamati ya ufuo nayo ni mtendaji, aina ya Organization. Hapo hakuna la kuumiza kichwa.

Ungekuwa unaorodhesha mitumbwi ya zamani kwenye makumbusho ningekuelekeza CIDOC CRM, ontolojia ya makumbusho, ambayo ni kiwango cha ISO 21127 na imejengwa pia kwa kuweka tukio katikati. Kwa omena ni mzigo usiouhitaji.

Ukiunganisha zile rekodi tatu kuwa Mtu-03, usifute namba zake za zamani. Zihifadhi kama majina mengine ya mtu huyo, maana risiti ulizokwisha kuchapisha bado zinazitaja.