Jibu kwa kochi aliyeuliza kuhusu usingizi wa wachezaji

Kochi umesema vijana wako walifunzwa somo la usingizi wote pamoja, wakaitikia, na bado wanakuja mazoezini macho mekundu. Mimi niko upande wa mazoezi ya viungo hapa Mombasa na naamini kabisa lazma ukae na kila mmoja peke yake, manake hawakosi usingizi kwa sababu moja.

Anza na daftari, wiki mbili hivi kila mtu aandike kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, jioni kanywa nini, simu kaiweka chini saa ngapi. Hapo ndo utaona. Winga wetu mmoja kila siku baada ya isha yuko barazani na kahawa tungu, na kafeini, ile ya kwenye kahawa inayofukuza usingizi, masaa matano baadaye karibu nusu yake bado imo mwilini, sasa huyo ukimwambia alale saa nne unamuonea tu. Baraza hatukumkataza, wale ndo watu wake, kahawa tukaisogeza mchana na usiku anakaa nao na maji na tende. Kipa naye anatoka Likoni, anaamka alfajiri kuwahi feri, kwake shida ni asubuhi, kwa hiyo jimu yake ikasogezwa saa za baadaye na akapangiwa nusu saa ya kulala mchana, kabla ya saa tisa isije ikamharibia usiku. Mwingine analala chini ya mabati, joto tupu, na mwili ili usinzie lazma upoe kwanza: kuoga kabla ya kulala, feni, godoro karibu na dirisha, basi.

Na kuna wale wanaoona kulala ni uvivu. Hao nawapa habari ya utafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, 2011, wachezaji wa basketi walilenga kukaa kitandani masaa 10 kwa wiki 5 hadi 7, muda wa mbio zao ukashuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5 na mitupo ikaingia zaidi kwa asilimia 9. Mchezaji akisikia sekunde anakusikiliza!

Ramadhani panga upya kila kitu, tarawehe na daku zinaukata usiku vipande, kwa hiyo mchana walale baada ya adhuhuri.

Ila ukipata anayekoroma sana na mchana anasinzia hata kama usiku kalala vya kutosha, huyo daftari halimtoshi, mpeleke kwa daktari mapema.