Dirisha la kaskazini lilinitia makosani

Nilijifunza kuchora kwa njia ya zamani huko Florence, Italia. Miezi mitano ya mwanzo sikugusa rangi. Ilikuwa mkaa, karatasi na kichwa cha sanamu ya plasta ambacho hata leo naweza kukichora nimefumba macho. Kila siku mwalimu alirudia: mchoraji akae kwenye dirisha la kaskazini, kwa sababu mwanga wake hautikisiki.

Nikarudi Mombasa. Nikakodi chumba Mji wa Kale, nikachagua chenye dirisha la kaskazini, nikapanga mezani dele la shaba la kahawa, vikombe viwili na kichane cha ndizi. Ilikuwa Juni. Kufika saa nne, jua lilikuwa limeshaingia ndani na kukaa mezani kama mgeni. Kila nikichora kivuli, kinahama. Mwishowe dele langu lilikuwa na vivuli vitatu, kila kimoja na upande wake.

Kumbe kanuni ile ni ya kwao. Florence jua hupita kusini mwaka mzima, ndiyo maana dirisha la kaskazini halilioni. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na katikati ya miezi hiyo, msimu wa kusi, mchana hukaa upande wa kaskazini. Sasa nafuata upepo: kusi ikivuma, meza naihamishia dirisha la kusini, kaskazi ikiingia, nairudisha. Kama una dirisha moja tu, chora saa zile zile kila siku, na uweke alama za chaki mezani pale kivuli kinapoishia.

Halafu usianze na shaba. Dele humeza chumba kizima: dirisha, shati lako, hata uso wako. Anza na mtungi wa udongo usiong'aa. Mchoraji Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, alichora chupa na makopo yale yale kwa miongo, na mengine aliyapaka rangi kwanza ili yasing'ae. Mimi chupa zangu za soda nazipaka chokaa. Matunda yasubiri, zile ndizi nilizianza za manjano, nikazimaliza nyeusi.

Kwenye rangi za mafuta, tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mengi. Ukigeuza, la juu hukauka kabla ya la chini, picha ipasuke. Yangu moja ilipasuka, tena ile niliyoipenda.

Mandhari ya nje nayo, toka alfajiri. Saa sita mchana kuta za Mji wa Kale hazina vivuli vya maana, zote zimekuwa karatasi nyeupe. Mimi saa tatu huwa nimeshafunga mkoba, naenda zangu kutafuta mahamri.